Ukizima feni, naamka

Mi ni mtu wa feni. Sio kwamba nasikia joto, hata usiku wa baridi wa kulala na soksi bado nataka feni iwe inazunguka, hata kama nimeigeuzia ukutani na upepo wake haunifikii, maana ninachokitafuta pale ni ule mvumo wake. Mume wangu yeye ni mtu wa kimya. Tena kimya haswa, mlango ufungwe, simu zikalale sebuleni, na bomba la bafuni likidondosha tone moja moja ataamka aende akalikaze ndo arudi kulala. Na kitanda ni kimoja. Najua tuko wengi wa hivi, mmoja hawezi bila redio mwenzie hawezi na redio, na miaka inapita kila mmoja anaona mwenzie ndo mwenye kasoro. Hili jambo nimelifuatilia sana, nimesoma kila nilichokipata, na nataka niliandike vizuri kwa sababu linakata watu usingizi na linavunja maelewano bure, wakati ukiliangalia kwa karibu wote wawili wanatafuta kitu kile kile.

Umeme ukikatika usiku mi naamka. Sio baada ya nusu saa, naamka hapo hapo. Feni haifi mara moja, kuna zile sekunde chache mapanga yanapunguza mwendo, mvumo unashuka unakuwa mzito, alafu unaanza kusikia kile kikapu cha waya cha mbele kinatikisika, tik, tik, tik, kila tik inachelewa kuliko iliyopita, alafu basi. Macho yanafunguka. Na hapo ndo chumba kizima kinaanza kuongea, godoro linalia mume wangu akijigeuza, mbao za dari zinagonga, kuna mbwa mahali mbali, na ndani ya masikio yangu mwenyewe kuna mluzi mwembamba ambao muda wote ule nilikuwa siusikii. Yeye pembeni ndo kwanza amezama. Umeme ukirudi feni inaanza tena, mi narudi kulala, na yeye ndo anashtuka anauliza nani kawasha.

Nilikuwa najiuliza sana, hivi mtu anaamshwaje na sauti ambayo haipo? Kama nilikuwa nimelala si ina maana nilikuwa siisikii hiyo feni? Kumbe nilikuwa naisikia.

Macho yana kope, masikio hayana. Usiku kucha mlango wa sikio uko wazi, sauti zinaingia, zinapita kwenye neva mpaka ubongoni, na kuna sehemu inaitwa thalamasi ambayo ukiwa usingizini inapunguza kinachopita kwenda juu, lakini haizuii kila kitu. Kwa maana nyingine kuna mlinzi hajalala. Mwaka 1960 mtafiti Ian Oswald na wenzie walilaza watu wakiwa wamefungwa mashine ya kupima umeme wa ubongo, wakawapigia mkanda wenye majina mengi ya watu, na ikaonekana mtu akiwa bado amelala mawimbi ya ubongo wake yanaruka zaidi likitajwa jina lake mwenyewe kuliko majina ya wengine. Hebu fikiria, umelala fofofo lakini kuna sehemu yako inachambua majina moja moja na inajua lipi ni lako. Ndo maana mama wa mtoto mchanga anaweza kulala radi ikipiga na akaamka kwa kamlio kadogo tu cha mwanae.

Na huyo mlinzi ukimpeleka mahali pageni anaongeza umakini. Hili wasafiri wote wanalijua, usiku wa kwanza ugenini mtu hapati usingizi wa maana, ni mang'amung'amu mpaka asubuhi. Masako Tamaki na Yuka Sasaki wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani walilichunguza, wakachapisha mwaka 2016, na walichokuta kilinishangaza sana: usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, unalala usingizi mwepesi kuliko wa kulia, na unashtuka haraka ukisikia mlio usio wa kawaida. Wakirudi kulala pale mara ya pili ile tofauti haionekani tena. Yani nusu ya kichwa imekesha kulinda kwa sababu haijui sauti za pale, haijajua lipi ni la kawaida lipi ni la hatari. Mi niliposoma hapo ndo nikaelewa kwa nini nikisafiri na feni ndogo nalala usiku ule ule wa kwanza. Chumba ni kigeni lakini sauti naijua.

Kuna kisa alikuwa anakisimulia Karl Pribram, mtaalamu wa ubongo, kuhusu New York. Kulikuwa na treni inayopita juu ya barabara, usiku ilikuwa inapita kwa kelele nyingi katikati ya nyumba za watu, na mwaka 1955 ikasitishwa. Baada ya hapo polisi wakaanza kupigiwa simu usiku, watu wanaripoti wameamka wamehisi kuna kitu cha ajabu, hawajui nini, pengine mwizi. Simu nyingi zilikuwa zinapigwa karibu na zile saa ambazo treni ilikuwa inapita zamani. Walichokuwa wanakisikia ni treni ambayo haikuja. Mi hiki kisa nakipenda mno kwa sababu ndo feni yangu ile ile, ubongo umeshajiwekea picha ya jinsi usiku unavyotakiwa kusikika, na kinachomwamsha mlinzi ni pale usiku unapoenda tofauti na ile picha. Sauti ikiongezeka ghafla, anaamka. Ikipungua ghafla, anaamka vile vile.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii na nitaishikilia mpaka mwisho: adui wa usingizi sana sana ni mabadiliko, na ni maana iliyobebwa na sauti, kuliko sauti yenyewe kuwepo. Anayetaka kimya anataka usiku usio na jambo jipya. Anayetaka feni anataka hicho hicho, ila yeye anakipata kwa kufunika.

Hilo la kufunika nalo lina ushahidi. Mwaka 2005 kuna watafiti walichukua kelele zilizorekodiwa wodi ya wagonjwa mahututi, zile mashine, milango, watu wanaongea, wakawapigia watu wazima wenye afya wakiwa wamelala. Waliamka amka sana kama unavyotegemea. Alafu wakawapigia kelele zile zile lakini chini yake wameweka mvumo wa mfululizo, na kuamka kukapungua sana, ingawa ukijumlisha chumba sasa kilikuwa na kelele nyingi zaidi. Maelezo yake ni kwamba kinachokushtua ni ule umbali kati ya sauti ya kawaida ya chumba na mlio unaochomoza juu yake. Fanya chumba kiko kimya desibeli 30 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), mlango ukabamizwa kwa 65, mlio umeruka hatua 35. Chumba hicho hicho kikiwa na mvumo wa 45, mlango ule ule unaruka 20 tu. Na desibeli sio kama sentimita, kila ukiongeza 10 nguvu ya sauti inakuwa mara 10 na sikio linaiona kama imekuwa mara mbili hivi, kwa hiyo hiyo tofauti sio ndogo hata kidogo.

Mvumo wenyewe una aina. Ile kelele nyeupe ambayo watu wanaitafuta sana kwenye simu ni shhhh yenye sauti zote kwa nguvu sawa, nyembamba mpaka nzito, na kwa sababu hiyo inasikika kali kidogo, kama redio iliyopoteza stesheni. Ya pinki inazidi kupungua kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, inakaribia mvua. Ya kahawia imeshuka zaidi, ni besi, kama maporomoko ya maji ukiwa mbali au ndani ya ndege. Mi nyeupe inanichosha, nikiisikiliza dakika kumi nahisi meno yanauma, ya kahawia ndo yangu. Ila usije ukashikwa na wanaosema eti pinki ndo dawa ya kumbukumbu. Ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wa mwaka 2017 ambao wengi wanautaja, watu wa miaka 60 na zaidi walipigiwa vimilio vifupi vifupi vya pinki vilivyopangwa na kompyuta viende sambamba na mawimbi ya usingizi wao mzito, ni kitu tofauti kabisa na kuacha simu inanguruma mpaka asubuhi.

Na hii kiu ya mvumo sio ya watu wa simu. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya kazi hiyo ilitoka Marekani mwaka 1962, Jim Buckwalter na mkewe walikuwa safarini wakazoea kulala na mlio wa kiyoyozi cha hoteli, waliporudi nyumbani mke hapati usingizi, mume akamtengenezea kitu chenye mota ndogo na feni ndani ya kasha, kazi yake ni kuvuma tu. Huyo bwana namheshimu sana. Hakumwambia mkewe acha mambo yako.

Sasa niwatetee watu wa kimya, maana nimeolewa na mmoja na ninampenda.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unasema chumbani kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Siku mume wangu alipoiona hiyo alinisomea mara mbili. Na ana haki, maana kuna jambo sisi watu wa kelele hatulioni: mtu anaweza asiamke lakini mwili ukawa umeamka. Gari likipita nje moyo unaongeza mwendo, presha inapanda kidogo, usingizi mzito unageuka mwepesi kwa muda, alafu asubuhi mtu anasema nimelala vizuri mi nshazoea. Kichwa kinazoea, moyo hauzoei kwa kiasi hicho. Mwaka 2011 shirika hilo hilo lilikadiria kwamba kelele za magari na usafiri mwingine zinawanyang'anya watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo hasara inatokana na kukosa usingizi. Kwa hiyo anayesema hawezi kulala kwenye nyumba iliyo kando ya barabara sio mtu wa kudeka. Mtu wa namna hiyo anaposema punguza, punguza.

Mwaka 1907 mfamasia Mjerumani anaitwa Max Negwer alibuni vizibo vya masikio vya nta iliyochanganywa na pamba, vinaitwa Ohropax na vinauzwa mpaka leo, na mwandishi Franz Kafka ambaye kelele zilimtesa maisha yake yote alikuwa havitoi karibu. Mume wangu anatumia vya sponji. Nataka nieleze jinsi ya kuvivaa kwa sababu wengi wanaosema havifanyi kazi wanavichomeka tu mlangoni. Unakibinya kwa vidole unakizungusha mpaka kinakuwa chembamba kama njiti, hakitakiwi kuwa na mikunjo, alafu mkono wa pili unaupitisha nyuma ya kichwa unashika sikio kwa juu, unalivuta juu na nyuma, tundu linanyooka, unakisukuma ndani na unakishikilia na kidole mpaka kivimbe. Usiachie haraka. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama unaongea ndani ya pipa basi kimekaa. Vioshe au vibadilishe, usilale na uchafu sikioni, na kama nyumba ina mtoto mdogo au mgonjwa basi mkubaliane nani leo anavaa na nani anabaki na masikio wazi.

Ila hata kimya kina mambo yake. Mwaka 1953 Heller na Bergman waliwaingiza watu wazima 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti, wakawaambia waandike wanachosikia, na asilimia 94 walisikia milio, mluzi, mvumo kama wa nyuki. Hakukuwa na kitu mle, ni masikio na ubongo wao. Hicho ndo ninachokisikia mimi umeme ukikatika. Kwa mwenye mlio wa masikio wa kudumu, usiku wa kimya ni mateso ya kweli, mlio unajaza chumba, na ndo maana wataalamu wa masikio huwa wanawashauri wawe na sauti ndogo ya chinichini badala ya kimya kitupu. Kama mwenzio anasema kimya kinampigia kelele, muamini.

Alafu kuna hawa wa tatu, watu wa maneno. Mama yangu mzazi analala na redio inayoongea. Sio muziki, watu wanaongea, habari, mahubiri, mpira, chochote. Anakoroma kabisa, redio iko kifuani inapanda na kushuka naye, nikiingia kwa kunyata nikageuza kile kidude cha sauti taratibu mpaka kikafanya tik, hapo hapo jicho moja linafunguka. "We mtoto, mbona umezima, nilikuwa nasikiliza." Shikamoo mama, samahani mama, nawasha tena. Miaka yote ile nilidhani anatania, lakini baada ya kusoma nadhani ni kweli alikuwa anasikiliza kwa namna yake.

Nimefikiria sana kwa nini maneno yanawalaza watu wakati kwa sheria ya mlinzi yangetakiwa kuwaamsha, maana maneno yana maana. Ninavyoona mimi kazi ya ile redio inafanyika kabla usingizi haujaingia. Mtu akilala kimya na mawazo yake, anaanza kuhesabu madeni, anarudia maneno aliyoambiwa mchana, anajibu ugomvi wa mwaka jana. Sauti ya mtu mwingine inachukua ile nafasi. Inatakiwa iwe ya kuvutia kiasi cha kukutoa kwenye mawazo yako lakini isiwe tamu kiasi cha kutaka kujua mwisho wake. Ndo maana watu wanarudia podikasti ile ile au tamthilia waliyoimaliza zamani, wanajua kila kinachokuja, hakuna jipya. Kwa mtu aliyefiwa au anayeishi peke yake ile sauti inaziba pengo ambalo feni haiwezi, na hilo sitaki mtu alichukulie poa.

Tatizo la maneno linaanza ukishalala. Sauti inapanda inashuka, mtu anacheka ghafla, tangazo linaingia limepandishwa. Marekani walichoka na matangazo ya kelele mpaka wakatunga sheria mwaka 2010, ikaanza kazi Desemba 2012, kwamba tangazo kwenye televisheni lisizidi sauti ya kipindi kilichokuwepo. Na televisheni ina mwanga juu yake, na mwanga usiku unachelewesha ile homoni ya usingizi, melatonini. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa maneno, afadhali redio au simu iliyofudikizwa kuliko skrini, na afadhali kipindi cha mtu mmoja mwenye sauti ya kutulia kuliko mdahalo.

Sasa kwa nini mimi hivi na mume wangu vile? Sehemu ni mazoea, ubongo umeshafunga ndoa kati ya ile sauti na kulala, na mtoto aliyekulia nyumba ya watu kumi hawezi kufanana na aliyekua peke yake chumbani. Lakini sehemu ni mwili tu. Mwaka 2010 Thien Thanh Dang-Vu na wenzie walichapisha utafiti wa watu 12. Kwanza waliwalaza usiku wa kimya wakahesabu yale mapigo mafupi ya umeme ambayo ubongo unatoa ukiwa usingizini, yanaitwa spindeli na yanatoka kwenye mzunguko wa ile ile thalamasi, alafu usiku wa pili na wa tatu wakawapigia kelele za simu, magari na kadhalika. Waliokuwa na spindeli nyingi ndo waliovumilia kelele. Watu ni 12 tu sawa, lakini kwangu ilibadilisha mambo, maana inamaanisha mtu anayeamka kwa kila kitu hajajiamulia, hana gubu, sio kwamba hataki kuzoea. Ndo lango lake lilivyo. Na spindeli zinapungua umri ukienda, kwa hiyo hata mtu aliyekuwa analala kwenye fujo zote ujanani anaweza siku moja akaanza kuomba kimya, msimcheke.

Nisije nikawauzia feni kuliko ukweli. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 38 za mvumo wa mfululizo na usingizi, na wachambuzi wakasema ubora wa ushahidi kwamba unasaidia ni mdogo sana, tafiti zinapingana, na wakaonya huenda kwa wengine unaharibu. Mwaka huo huo utafiti mwingine mdogo, watu 10 wanaoishi sehemu zenye kelele nyingi New York, ulionyesha kelele nyeupe iliwasaidia kulala haraka na kukaa macho muda mfupi zaidi usiku. Kwangu hivi viwili havigombani. Kama nje kuna kelele za kukurupuka, funika. Kama nje kumetulia na wewe huna mluzi masikioni wala mawazo yanayokukimbiza, hakuna sababu ya kujitengenezea uhitaji ambao huna.

Kwa watoto wachanga nitasema kwa ukali kidogo. Ndiyo, shhhh inawalaza, mwaka 1990 kule London watoto 40 wa siku chache walijaribiwa, nusu wakapigiwa kelele nyeupe, na asilimia 80 ya hao walilala ndani ya dakika tano wakati wale wasiopigiwa ni asilimia 25. Lakini mwaka 2014 madaktari wa Toronto walipima mashine 14 za kulaza watoto zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, na 3 zilipita desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30, hiyo ni sauti ya kiwandani ambako mfanyakazi anavaa kinga. Kwa hiyo sauti iwe ndogo, iwekwe mbali na kitanda, mita mbili na zaidi, na mtoto akishalala izimwe. Simu ndani ya kitanda cha mtoto hapana jamani.

Na kukoroma. Kukoroma ni kelele mbaya kuliko zote kwa anayelala pembeni kwa sababu hakuna mpangilio, kunapanda, kunakata, unasubiri kurudi. Hapo kwenye kukata ndo pa kusikiliza. Mwenzio akikoroma alafu akanyamaza kabisa, kifua hakiendi, alafu akarudi kwa kukwama kama aliyekuwa anazama, usikimbilie kuongeza sauti ya feni ili usimsikie, mpeleke hospitali, pumzi yake inaweza kuwa inakatika usingizini na yeye mwenyewe hajui.

Sisi tumefika hapa. Feni imekaa upande wangu, namba moja, imegeuzwa, nilipima na programu ya simu kwenye mto wake ikasoma chini ya arobaini, sio kipimo cha maabara lakini kinatosha kuanzia mazungumzo. Yeye anavaa sponji zake. Siku ana kazi nzito kesho yake feni inazimwa na mi navaa hedifoni ile laini ya kitambaa ya kufunga kichwani, nasikiliza ya kahawia kwa sauti ya chini kabisa. Tuliongea mchana, na naona hiyo ndo ilisaidia kuliko vifaa vyote, maana saa nane usiku hakuna mtu anayeongea vizuri. Aliniuliza, "Mke wangu, ikizimwa unasikia nini?" Hakuwahi kuniuliza kabla. Nikamweleza habari za mluzi, na yeye akanieleza kwamba feni kwake anaisikia kama mtu anayetaka kusema kitu hasemi, anasubiri.

Kilichobaki hatujaelewana ni taima. Yeye anataka baada ya saa moja feni ijizime, kwa kuwa nitakuwa nshalala. Mi nasema ikijizima ghafla ni umeme kukatika ule ule, nitaamka tu. Tumekubaliana kujaribu na simu kwanza, ile programu inayopunguza sauti kidogo kidogo kwa dakika arobaini mpaka inaisha, kusiwe na lile pengo la ghafla. Kuna usiku imefanya kazi na kuna usiku nimejikuta macho wazi. Kama kuna mtu ameweza kujiachisha taratibu hivyo mpaka ukalala bila chochote, naomba uniandikie ulianza na dakika ngapi na ulipunguza vipi.